Amechelewa nani? Shajara ya makala ya kwanza ya wakunga sita, kaskazini Pemba

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo tumekutana sita, barazani kwa mwenzetu hapa Limbani, Wete, tangu baada ya sala ya alasiri mpaka magharibi ikatukuta. Wanne ni wa leba, mmoja wa kliniki ya wajawazito, na wa sita ni Bi Mkubwa wetu, mkunga mstaafu ambaye nusu yetu alitufundisha kushika fetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, tukiwa wanafunzi. Naanza shajara hii ili kila shauri tutakalolikata lijulikane tulilikata lini na kwa sababu gani.

Lengo ni moja. Kabla mwaka huu haujamalizika tuwe tumepeleka makala ya utafiti kwenye jarida linalopitiwa na wataalamu: swali letu, data yetu, majina yetu.

Niliwaeleza wenzangu kilichonisukuma. Miaka ya nyuma nilijaza fomu za utafiti wa watu wengine. Nikimaliza zamu ya usiku nakaa tena saa nzima na fomu, macho mazito, chai imepoa. Makala ilipotoka niliisoma mpaka mwisho nikimtafuta aliyezijaza. Nilimkuta kwenye mstari wa shukurani, ndani ya neno "wahudumu". Na pale mwandishi alipoeleza kwa nini kina mama wa visiwa vidogo walikuwa wachache kwenye hesabu zake, alieleza jambo ambalo mkunga yeyote wa leba yetu angemwambia silo. Hili la pili ndilo linaloniuma zaidi. Jina ni langu peke yangu, lakini maelezo yasiyo sahihi yanabaki kwenye maktaba za dunia, na mwengine anakuja kujenga juu yake.

Utafiti si mgeni kwetu. Wawi kuna maabara ya Ivo de Carneri tangu mwaka 2000. Jaribio la kupaka klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kwenye kitovu, lililochapishwa 2016, liliandikisha watoto wachanga zaidi ya 36,000 wa Pemba hii hii. Unguja, mradi wa PartoMa ulifanya kazi na wakunga na madaktari wa hospitali ya Mnazi Mmoja, na watoto wanaozaliwa wafu pale wakapungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila vizazi 1,000. Kazi kubwa zinafanyika. Tunachotaka sisi ni kuwamo tangu swali linapotungwa.

Kila mmoja alitakiwa aje na swali moja kutoka zamuni. Tulipata ya upungufu wa damu, ya wasichana wanaokuja kliniki wakiwa na miezi saba, ya mama anayekataa kulazwa kwa kuwa nyumbani hakuna wa kubaki na watoto. Bi Mkubwa alingoja wote tumalize, akasema:

"Mie nina moja tu, wanangu. Miaka yote hiyo mnaandika kwenye rejesta 'amechelewa'. Mama kaletwa hali mbaya, sababu: amechelewa. Mtoto kazaliwa kachoka, sababu: amechelewa. Amechelewa nani?"

Hatukupiga kura. Swali tumelipata.

Jumapili, 26 Januari

Wiki mbili za kusoma. Makala nyingi zipo nyuma ya malipo, ila taasisi za nchi kama yetu huweza kuingia kupitia HINARI, mpango wa Shirika la Afya Duniani na wachapishaji ulioanza 2002. Mwenzetu mmoja ana nenosiri la chuo anakosoma digrii, na wengine tunamtumia orodha kwenye WhatsApp, yeye anatushushia usiku bando linapokuwa rahisi.

Kubwa tulilolipata ni makala ya Thaddeus na Maine, ya 1994. Waligawa kuchelewa kwa mama mwenye matatizo ya uzazi sehemu tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Nilipomsomea Bi Mkubwa alitikisa kichwa muda mrefu. "Basi wao walishauliza. Sie tuulize kwetu."

Neno letu moja la rejesta limebeba mambo matatu, na la tatu ni letu sisi wenyewe.

Jumamosi, 15 Februari

Pendekezo la utafiti limefika kurasa tisa. Tutatumia rejesta za leba za mwaka mmoja, zile zilizokwishajazwa, bila kumhoji mama yeyote. Hata hivyo kibali ni lazima. Mwenzetu mmoja aliuliza, rejesta si tumeandika wenyewe, kibali cha nini? Jibu ni kwamba mama alitupa habari zake apate kuhudumiwa, hakutupa ziende jaridani. Tumeandika kwamba jina halitatoka wodini. Kila mstari utapewa namba, na daftari linalounganisha namba na jina litafungiwa kabatini kwa mkuu wa wodi. Shehia nayo tumeiondoa, tumebakisha "kisiwa kidogo" na "kisiwa kikuu", maana Pemba ukitaja shehia na mwezi aliojifungua, jirani anajua ni nani.

Karatasi zimekwenda kwenye kamati ya maadili, Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar.

Jumamosi, 22 Machi

Ramadhani. Tunasubiri kibali. Hakuna jipya.

Jumamosi, 19 Aprili

Kibali kimetoka baada ya masuali mawili ya kamati, yote ya haki.

Tumeanza kutoa data. Tunakaa wawili wawili kwenye chumba cha kubadilishia nguo, baada ya zamu, kamwe si ndani ya zamu. Mmoja anasoma, mmoja anaingiza kwenye Excel. Kisha jozi nyengine inaingiza mistari ile ile upya bila kuona ya mwanzo, na mistari isiyolingana tunairudia kwenye rejesta.

Nataka niielezee hiyo rejesta, kwa sababu anayesoma jedwali haioni. Ni daftari pana, jalada gumu lililofunikwa kwa plastiki, pembe zimeliwa. Kurasa za katikati zina madoa ya ayodini. Mwandiko wa asubuhi umenyooka. Wa saa kumi za usiku umelala upande, na pengine herufi ya mwisho imeburuzwa mpaka safu ya pili, kwa kuwa aliyekuwa anaandika aliitwa. Kuna ukurasa mmoja ambao safu ya mapigo ya moyo wa mtoto ni tupu kwa mistari sita mfululizo. Nimeutambua ule usiku. Tulikuwa wawili, vitanda vimejaa, umeme umekatika. Kwenye Excel hizo ni nafasi sita tupu tu.

Tumekubaliana kuzihesabu nafasi tupu na kuzitaja kwenye makala. Hatutajaza kwa kukumbuka.

Jumatatu, 5 Mei

Siku ya Wakunga Duniani. Baada ya risala niliombwa niseme machache kuhusu mradi, nikazungumza juu ya patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa mama, maana kila mtu ukumbini alikwishaishika. Mistari ya tahadhari na ya kuchukua hatua iliandikwa na Philpott na Castle, ikachapishwa 1972 kutokana na kazi yao Rhodesia, leo Zimbabwe. Shida yao ilikuwa yetu: mkunga yuko kituo cha mbali, mama uchungu hausogei, ajue vipi kwamba sasa ni wakati wa kumpeleka hospitali kubwa? Kuanzia hapo chati ikaenea dunia nzima.

Nikataja na E-MOTIVE, utafiti wa 2023 juu ya kutokwa damu baada ya kujifungua, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Walitandika chini ya mama mfuko wenye alama za kupimia damu, badala ya kukisia kwa macho, na hatua zote za matibabu zikatolewa kwa pamoja mara damu inapozidi. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Anayetandika mfuko na kusoma alama ni mkunga. Kanga iliyolowa inadanganya, sote tunajua. Mtu aliligeuza hilo tunalolijua kuwa kipimo.

Wasichana wawili wa mwaka wa pili walinifuata nje kuuliza wanaanzaje. Nimewaambia waje Limbani Jumamosi, wakae wasikilize.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya leo sitaisahau.

Uingizaji umekwisha. Tulikuwa tunampitishia Bi Mkubwa mistari yote ya "amechelewa" ya kina mama wa visiwa vidogo. Namba ya mstari, tarehe, saa ya kufika, hali. Yeye macho yamepungua nguvu, anasikiliza tu huku anachambua mchele. Baada ya tarehe kama kumi hivi akauweka ungo chini.

"Hiyo mwezi ngapi?"

Nikamwambia mwezi wa kizungu. Akasema, "La. Mwezi wa juu. Mwezi mosi, mwezi kumi na tano?"

Tukafungua kalenda ya Kiislamu kwenye simu, tukaanza kugeuza tarehe moja moja. Tulizidi kunyamaza kadiri tulivyoendelea. Nyingi zilikuwa zinarundikana karibu na mwezi mwandamo na karibu na mwezi mpevu.

Yeye kwao Kojani, baba yake alikuwa mvuvi, na kwake haya ni ya utotoni. Mwezi ukiandama na ukijaa ni siku za bamvua. Maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Huku kwetu tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Na siku za bamvua maji hukauka kwenye saa nne, saa nne ya asubuhi na saa nne ya usiku. Mashua inakaa mbali na pwani. Mama mwenye uchungu ama atembezwe matopeni mpaka kwenye mashua, ama abebwe, ama angoje maji yarudi. "Wanangoja maji," alisema. "Mkunga wa kijijini kashaamua, mume kashatafuta mashua, kila mtu yuko tayari. Wanangoja maji. Halafu anafika kwenu mnamwandikia kachelewa."

Mmoja wetu, aliyeandika mingi ya mistari hiyo kwa mkono wake, alilia.

Nikampigia ndugu yetu anayesomesha takwimu chuoni Unguja. Alifurahi, kisha akatutuliza. Mistari ni michache. Tena wazo limetujia baada ya kuiona data. Halikuwamo kwenye pendekezo. Tukiliandika kana kwamba tulilipanga tangu mwanzo tutakuwa tumesema uongo. Tunaruhusiwa kulieleza, ila tuliite kwa jina lake, jambo lililojitokeza linalohitaji utafiti wa pili, na tuoneshe hesabu zote, hata za siku za maji mafu, yasiyojaa wala kukupwa sana. Hesabu zenyewe siziandiki humu, zinangoja makala.

Jumamosi, 12 Julai

Kikao cha majina. Niliweka kikao hiki kabla ya kuandika hata sentensi moja, maana tukingoja mwisho tutagombana.

Nilichapisha kanuni za Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, wale waliokutana mara ya kwanza Vancouver mwaka 1978. Nimezitafsiri kwa Kiswahili na kumpa kila mtu karatasi yake. Ili mtu aitwe mwandishi anatakiwa atimize manne kwa pamoja. Awe amechangia kwa uzito katika kuutunga utafiti, au kuipata data, au kuichambua, au kuitafsiri maana yake. Awe ameandika rasimu au ameipitia na kuirekebisha kwa fikra. Awe ameikubali nakala ya mwisho. Na awe tayari kuijibia kazi hiyo.

Miaka yote niliambiwa kwamba anayekusanya data si mwandishi. Kanuni haisemi hivyo. Kuipata data kumetajwa waziwazi katika sharti la kwanza. Mkunga anaangukia la pili na la tatu, kwa sababu hakuna aliyempelekea rasimu. Na kanuni imeliona hilo. Inasema yeyote aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kuandika, kupitia na kuikubali kazi, na kwamba masharti haya yasitumiwe kumtoa mtu kwa kumnyima nafasi ya kuyatimiza. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili kwa sauti. Kila mkunga aliyewahi kujaziwa mfuko wa fomu angestahili kuisikia.

Likaja suala la Bi Mkubwa. Yeye Kiingereza hakisomi. Atairekebishaje makala ya Kiingereza? Tumekata hivi: kila aya itaandikwa kwanza kwa Kiswahili, asomewe, aseme, turekebishe, ndipo itafsiriwe. Tafsiri nayo arudishiwe kwa Kiswahili na mtu asiyeandika ile aya, asikie kama maana imebaki. Swali ni lake na bamvua ni yake, hivyo kazi ya kumfikishia rasimu ni yetu.

Kuhusu majina yenyewe. Sisi hatuna jina la ukoo la kizungu. Mtu ana lake, la baba na la babu, na kwenye kanzidata za majarida jina la babu ndilo linalobaki mbele, lako linakuwa herufi moja. Katika sita, wawili ni wajukuu wa Khamis na wawili ni wajukuu wa Hamad, bila udugu wowote. Ukitafuta kazi zetu utatuchanganya na nusu ya Pemba. Leo kila mmoja amefungua ORCID yake, namba ya tarakimu 16, bure, inayomfuata mtu popote anapochapisha. Bi Mkubwa aliinakili yake kwenye jalada la ndani la msahafu.

Daktari mmoja kijana aliyetusaidia kuupanga mjadala alikuwa ameweka jina lake mwanzo kwenye rasimu, kwa mazoea tu ya alikosomea. Nilimwonesha karatasi. Aliisoma, akaomba radhi, akasema nafasi yake ni ya tano. Nilimheshimu zaidi kuliko jana.

Jumamosi, 16 Agosti

Karafuu zimejaa majamvini mpaka ukingo wa barabara, na wenzangu wawili wana mashamba ya kusimamia, lakini makala imekwenda!

Kilichotushughulisha mwezi mzima ni neno lile lile. Kiingereza kilitudai tutaje nani, na kila tulipotaja, sentensi ilimwangukia mama. Bi Mkubwa ndiye aliyelifungua. "Semeni amecheleweshwa." Herufi chache tu. Kuchelewa ni kwa mtu. Kucheleweshwa kuna mwenye kuchelewesha, na unalazimika kumtafuta. Maji. Gari la kubebea wagonjwa lililokuwa safari nyengine. Sisi, tulipokuwa wawili kwa vitanda vyote vile. Tumeipitia rejesta nzima tena kwa jicho hilo, na pale palipokuwa na maelezo ya kutosha tumeigawa mistari kwa zile sehemu tatu. Pasipotosha tumeandika "haijulikani".

Tumejipima kwa orodha ya STROBE, vipengele 22 vya kuripoti tafiti za aina hii. Kila kipengele tumeandika ukurasa.

Ijumaa, 22 Agosti

Imekataliwa. Siku sita, bila kupelekwa kwa wapitiaji. Wanasema haiwafai wasomaji wao.

Kwa bahati mbaya ndani ya wiki hiyo hiyo zimekuja barua pepe tatu za majarida tusiyoyajua, yakituita "maprofesa watukufu" na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu tukilipa. Mwenzetu mmoja alitaka tulipe, amechoka, namwelewa. Tumeyatafuta kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, iliyoanza 2003. Hakuna hata moja. Tumefuta.

Jumamosi, 13 Septemba

Tumepeleka jarida la pili, la wakunga hasa. Tumefupisha utangulizi na kuomba msamaha wa ada. Wana fomu maalumu ya nchi kama yetu, na waliijibu siku ya pili.

Jumamosi, 10 Januari 2026

Majibu ya wapitiaji wawili yamefika. Marekebisho makubwa, lakini mlango upo wazi.

Wa kwanza anauliza kwa nini nafasi tupu ni nyingi zaidi usiku. Swali zuri kuliko yote tuliyoulizwa. Tumemjibu kwa ukweli wa zamu: idadi ya wakunga, idadi ya vitanda. Tumeongeza jedwali dogo la nafasi tupu kwa saa. Wa pili anataka sehemu ya bamvua ipunguzwe na iitwe ya uchunguzi wa awali kwenye muhtasari pia, si ndani tu. Ana haki, tumerekebisha. Anauliza vilevile kama saa ya kutoka nyumbani iliandikwa. Haikuandikwa. Rejesta haina safu hiyo, ina saa ya kufika tu.

Hapo tulitazamana. Bila saa ya kutoka, kila safari huanzia mlangoni kwetu.

Nimezungumza na mkuu wa wodi, naye ameridhia tupige safu kwa rula kwenye ukingo wa kushoto: saa ya kutoka nyumbani, saa ya kupanda chombo. Ya utafiti wa pili itaombewa kibali chake. Hii kwa sasa ni ya huduma, mkunga wa zamu ajue mama amekaa njiani muda gani. Wale wasichana wa mwaka wa pili, sasa wa tatu, ndio waliopiga mistari, kurasa arubaini, kwa zamu.

Usiku wa kuamkia leo waliingia kina mama wanne. Safu zote zimejazwa, moja kwa wino mwekundu, wa buluu uliisha.

Majibu kwa wapitiaji yanatakiwa tarehe 30. Kesho baada ya alasiri, Limbani, Bi Mkubwa asomewe.